Kuweka kazi chini: juu ya neno «demisyo» na ndugu zake

Katekista mmoja mzee wa pande zetu alishika kapela yake tangu ujana. Miguu ilipokataa safari, akaenda kwa paroko akasema: «Padri, mimi nimechoka. Kuna kijana ambaye nimemfundisha. Apewe yeye kazi.» Paroko akamshukuru, akakubali. Jumapili iliyofuata msomaji wa matangazo akasimama mbele ya watu akasoma: «Katekista wetu ametoa demisyo.» Kanisa likanyamaza. Kiisha Misa, watu wakaulizana inje: «Amekosa nini? Amekula feza za kapela?» Mzee akarudi kwake na huzuni. Siku tulipomtembelea akatuambia: «Wanangu, ninyi mnaosoma Kilatini, nitafutieni neno lingine. Mimi sikufukuzwa.»

Kwa ajili ya ombi hilo tunaandika kurasa hizi. Wengine watasema ni jambo dogo, neno tu. Lakini mtu aliyetumika miaka yake yote anaweza kupotezewa sifa kwa neno moja lisilofaa. Tena sisi seminari, mapadri na makatekista, kazi yetu ni ya maneno. Sherti tujue maneno yanayotoka kinywani mwetu yalizaliwa wapi na yanabeba nini.

1. Neno la ofisi

Katika Kongo yetu «demisyo» liliingia kwa mlango wa ofisi. Karani, mwalimu, askari na waziri wanaoacha kazi huandika barua, na barua hiyo ina jina la Kifransa. Mfano wa karibu tunao: mwezi wa Novemba 2016 Waziri Mkuu Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu katika Maniema yetu, alimpelekea Rais demisyo yake, ili serkali nyingine iundwe kufuatana na mapatano ya wanasiasa. Hapo demisyo ilikuwa mlango wa kupitisha wengine. Lakini masikioni mwa watu wetu neno hilo limeshika harufu nyingine, kwa sababu mara nyingi mkubwa humwambia mtumishi: «Toa demisyo mwenyewe, nisije nikakufukuza.» Kwa hiyo watu wakisikia demisyo hutafuta kosa.

Je, kosa limo ndani ya neno lenyewe? Tufuate mzizi wake. Wafransa husema démission, na tendo lake ni se démettre. Mama wa maneno haya ni Kilatini mittere, maana yake kutuma, kuachilia kitu kiende. Mama huyo ana watoto wengi nyumbani mwetu. Tunasema «misioni», ndiyo kazi ya waliotumwa. Tunasema «Misa», na jina hilo limetoka katika neno missa, ambalo mwadhimishaji alilitumia kuwaaga watu. Zamani za kale wakatekumeni waliagwa kiisha mafundisho, kisha waamini waliagwa mwishoni. Na kuaga huko kukawapa Wakristu jina la sadaka yao nzima.

Kwa mittere Walatini walitengeneza maneno mawili yanayofanana kama mapacha. Moja ni demittere, kushusha, kuteremsha chini. La pili ni dimittere, kuachilia, kumruhusu mtu aende zake. Katika njia ya Kifransa mapacha hao walichanganyika: jina démission limechukua sura ya kushusha, lakini tendo la kujiondoa lina asili katika kuachilia. Basi anayetoa demisyo anashusha mzigo, tena anauacha uende. Kosa halimo.

Waingereza walilichukua neno hili kutoka kwa Wafransa, wakapata demit. Lakini si Waingereza wengi wanaolitumia; kwa kawaida husema resign, lililotoka katika Kilatini resignare, kuvunja muhuri, kufuta kilichoandikwa. Demit limebaki hasa Uskoti, na zaidi katika Ekleziya ya Kiprotestanti ya huko: mchungaji akiacha usharika wake, hilo ndilo neno lao. Neno la nadra limehifadhiwa na watu wa dini, kama vile chombo cha zamani kinavyotunzwa sakristia wakati wengine wote wamenunua kipya.

Huko Uskoti neno hilo lina pia historia ya machozi. Tarehe 24 Julai 1567 Malkia Maria Stuart, Mkatoliki, akiwa mfungwa katika ngome ya Lochleven, alitiwa nguvu atie sahihi barua za kuacha ufalme. Mwanawe James, mtoto wa mwaka mmoja tu, akawa mfalme. Mwaka uliofuata Maria akatoroka ngome, akakana barua zile, maana alizitia sahihi kwa kuogopa. Barua ilikuwapo, sahihi ilikuwapo, neno lilikuwapo. Hiari ndiyo iliyokosekana. Tukumbuke jambo hili, tutalikuta tena katika sheria ya Ekleziya.

2. Maneno ya pwani

Mbele ya Kifransa kufika kwetu, njia ya misafara kutoka Ujiji ilikuwa ikipita Kabambare, ikafika Kasongo na Nyangwe. Watu wa pwani walileta biashara, walileta pia utumwa na maumivu yasiyosahauliwa. Na pamoja nao likaja Kiswahili, lugha ambayo leo tunasalia ndani yake. Kiswahili kina maneno mawili ya kuacha kazi, na yote mawili yametoka Kiarabu.

La kwanza ni «kujiuzulu». Mzizi wake ni ʿazala, maana yake kutenga, kuondoa mtu katika cheo. Mfalme humwuzulu liwali wake. Tukiweka «ji» katikati, mtu anakuwa mfalme wa nafsi yake: anajiondoa mwenyewe mbele ya kuondolewa na mwingine. Ni kama vile Wafransa wanavyosema se démettre. Neno hili ni kali kidogo, maana ndani yake bado tunamwona mkubwa mwenye kuuzulu. Lakini laweza kuwa neno la heshima. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, waziri wa mambo ya ndani wa Tanzania, alijiuzulu kwa sababu watu waliokamatwa katika Shinyanga waliteswa na wengine wakafa mikononi mwa walinzi wa usalama. Si yeye aliyepiga. Lakini waliopiga walikuwa chini ya wizara yake, akaona uzito ni wake. Watu hawakumdharau. Miaka minane baadaye akawa Rais wa nchi.

La pili ni «kustaafu». Siku hizi tunalitumia kwa mzee aliyefikia umri wa kupumzika. Lakini tusikilize asili yake: kwa Kiarabu istaʿfā ni kuomba kuachiliwa, kuomba udhuru, na mzizi wake ni ʿafw, yaani msamaha. Anayestaafu, kwa maana ya kwanza ya neno, anawaambia watu: «Niwieni radhi, niacheni nipumzike.»

Hapa tulisimama tukashangaa. Kwa maana lile dimittere la Kilatini lina kazi mbili vilevile. Ndilo neno la mzee Simeoni, alipomshika Mtoto Yezu mikononi akaomba sasa aachiliwe aende kwa amani. Na Ekleziya inaliimba kila jioni katika Sala ya Mwisho ya siku. Tena ndilo neno la sala ya Baba Yetu kwa Kilatini, pale tunapoomba tuachiliwe madeni yetu kama sisi tunavyowaachilia wenzetu. Kilatini na Kiarabu hazikuzaliwa katika nyumba moja. Lakini kila moja kwa njia yake imeweka jirani kuacha kazi na kusamehe. Kwetu sisi hilo ni fundisho kubwa, na tutalirudia.

3. Neno la Wazanaki

Ngambo ya pili ya Tanganyika kuna neno la tatu, ambalo kwetu Maniema halisikiki sana: «kung'atuka». Halikutoka Kiarabu wala Bulaya. Limetoka kwa Wazanaki, kabila dogo la mkoa wa Mara, karibu na ziwa Viktoria. Mtu aliyelipeleka katika Kiswahili cha wote ni Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa chifu Nyerere Burito wa Wazanaki, akabatizwa Mkatoliki mwaka 1943.

Katika pande zile watu hupangwa kwa marika na vizazi. Wazee wakiisha kutimiza zamu yao ya kuongoza, huwaachia wale wanaofuata, wao wakabaki washauri. Hakuna aliyewashinda, hakuna aliyewahukumu. Zamu imekwisha. Hao si peke yao katika Afrika: Waborana wa Kenya na Ethiopia, kwa desturi yao ya gada, hubadili kiongozi kila miaka minane. Tunasema hayo kwa sababu wengine hudhani kwamba Mwafrika hajui kushuka kitini ila kwa kufa au kwa kuangushwa. Desturi za babu zetu hazikuwa zote za namna moja.

Sikio la Mswahili likisikia «kung'atuka» hukumbuka «kung'ata», na wengine hupenda kusema kwamba kiongozi alikuwa ameng'ata cheo kwa meno, sasa ameachilia. Ni mchezo mzuri wa maneno, unafaa kuchekesha darasa, lakini tusiutwae kama asili ya neno. Asili ni Kizanaki, na maana ni kuachia wengine kwa hiari.

Nyerere aliacha kazi mara mbili. Mara ya kwanza ni Januari 1962. Tanganyika ilikuwa na uhuru wa majuma sita tu, tangu tarehe 9 Desemba 1961. Yeye Waziri Mkuu akajiuzulu, akamwachia Rashidi Kawawa serkali, akaenda kuzunguka nchi ili kuimarisha chama chake cha TANU kati ya watu. Mwisho wa mwaka ule akarudi kama Rais. Mara ya pili ni Novemba 1985. Baada ya karibu miaka 24 ya kuongoza, akamkabidhi urais Ali Hassan Mwinyi, yule yule wa 1977. Hapo ndipo neno «kung'atuka» lilipata nguvu, watu wote wakalijua. Lakini tuseme ukweli wote: uenyekiti wa chama cha CCM aliushika mpaka mwaka 1990. Kuweka chini mizigo miwili kwa siku moja si rahisi hata kwa mtu mwema. Akafa tarehe 14 Oktoba 1999, na jimbo la Musoma limeanzisha njia ya kumwombea aandikwe kati ya wenye heri.

4. Ekleziya inasemaje

Sheria ya Ekleziya haitumii demissio. Neno lake ni renuntiatio. Nuntius ni mjumbe, nuntiare ni kupeleka habari. Renuntiare ni kurudisha habari, na tena kutangaza kwamba unaacha. Wanaseminari wajihadhari hapa, maana neno lililo ndugu yake lilitumika katika Ubatizo wa Kilatini wakati wa kumkataa Shetani. Mtu akitafsiri upesi atasema Papa «amekataa» kiti cha Petro, kama vile tunavyomkataa Shetani. Hilo ni kosa la tafsiri, na ni kosa la kuumiza mioyo.

Papa wa kwanza kukumbukwa kwa jambo hili ni Selestini wa tano. Alikuwa mtawa wa pangoni, mzee sana. Makardinali walikuwa wamekaa zaidi ya miaka miwili bila kukubaliana juu ya Papa; mwezi wa Julai 1294 wakamchagua yeye. Hakuweza mambo ya utawala, na tarehe 13 Desemba ya mwaka ule ule akaweka kazi chini. Bonifasi wa nane, aliyemfuata, aliandika katika sheria ya kwamba Papa anaweza kuacha kazi kwa hiari yake. Lakini akamshika mzee yule chini ya ulinzi mpaka kufa kwake, mwaka 1296. Mwaka 1313 Ekleziya ikamwandika kati ya watakatifu. Basi aliyeshuka kitini akapanda altareni.

Mwaka 1415 Gregori wa kumi na mbili naye aliacha, ili kumaliza mafarakano ya Mapapa watatu. Kisha karibu miaka 600 ikapita. Tarehe 11 Februari 2013 Benedikto wa kumi na sita alisoma kwa Kilatini mbele ya makardinali maneno yake ya kuacha, kwa sababu ya uzee na upungufu wa nguvu, na kiti kikawa wazi tarehe 28, saa mbili ya usiku kwa saa ya Roma. Siku zile Wakristu wengi walituuliza: «Nani amemfukuza Baba Mtakatifu?» Ni swali lile lile la katekista wetu. Kumbe sheria inajibu wazi. Kanoni ya 332 inasema kwamba kwa Papa yatosha mambo mawili: aache kwa hiari, na aitangaze vema hiari yake. Hakuna mwenye kumkubalia wala kumkatalia.

Kwa kazi nyingine za Ekleziya, Kodeksi ya mwaka 1983 inafundisha mambo manne ambayo tunayataja kwa kifupi. Kanoni ya 187: mwenye akili timamu anaweza kuacha kazi kwa sababu ya haki. Kanoni ya 188: kuacha kwa hofu kubwa ya dhuluma, kwa hila, au kwa kununuliwa si kitu, ni bure, kama ingalikuwapo kwa Maria Stuart ingalimtetea. Kanoni ya 189: kuacha kufanyike kwa maandiko, au mbele ya mashahidi wawili. Na kanoni za 401 na 538 zinamwomba askofu na paroko mwenye miaka 75 atoe barua yake. Angalia: zinamwomba. Neno lile la kustaafu, kuomba na kuombwa, limo hata humo.

5. Kuondoka si kuweka chini

Lakini tusidhani kila anayeondoka amefanya jambo jema. Kasongo yetu inalo somo. Mwaka 1887 Hamed bin Muhammed, anayeitwa Tippu Tip, alifanya mapatano huko Unguja na watu wa Mfalme Leopold wa pili, akawa wali wa Stanley Falls. Mwaka 1890 akaenda zake Unguja, akaacha Falls kwa Rashid mtoto wa ndugu yake, na Kasongo kwa mwanawe Sefu. Hakurudi tena. Miaka michache baadaye vita vikawaka, na Aprili 1893 Kasongo ikaangukia mikononi mwa majeshi ya Dhanis. Cheo kiliachwa mikononi mwa jamaa kama mali ya nyumba. Wenyeji hawakuulizwa neno, wala na waliompa wala na aliyeondoka.

Tena kuna wakati ambapo kuacha ni kukimbia. Yezu alitofautisha mchungaji na mtu wa mshahara, anayewaacha kondoo amwonapo mbwa mwitu. Askofu Christophe Munzihirwa alikuwa askofu wetu wa Kasongo mbele ya kuitwa Bukavu kuwa askofu mkuu mwaka 1994. Vita vilipokaribia Bukavu, wakubwa wengi walikwenda zao. Yeye akabaki na watu. Tarehe 29 Oktoba 1996 akauawa katika mji huo. Mchungaji huyo hakuweka kazi chini, kwa sababu saa ile haikuwa saa ya kuiweka.

Basi hakuna neno moja linaloamua kama mtu amefanya vema. Tuulize maswali matatu. Ameacha kwa hiari au kwa kutiwa nguvu? Ameacha kwa faida ya watu au kwa kuokoa ngozi yake? Ameacha kazi mikononi mwa mtu aliyetayarishwa, au ameitupa njiani?

6. Jibu kwa mzee

Tulirudi kwa katekista wetu. Tukamweleza kwamba «demisyo» si tusi, kwamba ni binamu wa Misa na wa misioni. Akacheka akasema: «Hayo ninyi mtayajua. Mama anayeuza mihogo hajui.» Alisema kweli. Asili ya neno ni kitu kimoja, na kile ambacho watu wanasikia leo ni kingine. Mhubiri sherti ayajue yote mawili.

Tukampa basi maneno yetu yote. «Kujiuzulu» akakataa: «Linanukia serkali.» «Kung'atuka» akalipenda, hasa alipohadithiwa wazee wa Mara, lakini akaogopa kwamba watu hawatalielewa. Tulipofikia «kustaafu» na maana yake ya kuomba msamaha, akanyamaza muda mrefu. Kiisha akasema: «Hilo ndilo. Kuna watu niliowakaripia bure. Kuna watoto niliowarudisha katika ubatizo kwa hasira yangu. Sitaki kwenda na hayo.»

Paroko akakubali litangazwe upya. Jumapili ile hakuna msomaji aliyesoma. Mzee mwenyewe alisimama na fimbo yake, akamwita kijana, akampa daftari ya wabatizwa na ufunguo wa kapela. Kisha akawaambia watu: «Nimefanya kazi, nguvu zimekwisha. Niachilieni. Na mimi ninawaachilia.» Wanawake wakapiga vigelegele. Hakuna aliyeuliza amekosa nini, maana yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuomba radhi.

Hakutumia neno hata moja kati ya yale tuliyomletea. Alitumia «kuachilia», neno la kila siku, ambalo mama wa mihogo analijua. Nalo ndilo tafsiri kamili ya dimittere. Tulikwenda Roma, Uskoti, Unguja na Butiama kulitafuta. Kumbe lilikuwa kinywani mwake.

Ndugu wasomaji, sisi tulio seminarini tutapewa kazi, na siku moja tutaombwa kuiweka chini. Tujifunze tangu sasa kuandaa mtu, daftari na ufunguo. Na mkisoma matangazo ya Jumapili juu ya mzee anayepumzika, msiseme «ametoa demisyo» mkakaa chini. Mwiteni mbele, aseme mwenyewe.